Kizulu kichwani, Kiserbia mkiani

Kwa Kizulu baba mzazi ni ubaba. Mtoto akimwita huiacha ile u ya mwanzo na kusema tu "Baba!", kama yeyote kati yetu. Nenda Belgrade, mji mkuu wa Serbia, utalikuta neno baba pia, ila kule ni bibi, mama yake mama au mama yake baba. Mjukuu akimwita, neno hubadilika mwishoni: "Babo!"

Nafundisha sarufi linganishi, na huu ndio mfano ninaoanza nao kwa kila anayetaka kuzifahamu lugha hizi mbili. Kizulu kimebadili kichwa cha neno na Kiserbia kimebadili mkia. Ukishajua sikio ulitege wapi, mengine mengi yanajipanga yenyewe.

Chukua sentensi "nyumba yangu mpya ni kubwa". Mzulu atasema indlu yami entsha inkulu. Zikiwa nyingi: izindlu zami ezintsha zinkulu. Ile z inapita kila neno kugonga hodi, kama zetu katika "nyumba zangu hizi zimeanguka". Mserbia atasema moja nova kuća je velika. Usidanganywe na hiyo moja: inatamkwa "moya" na maana yake ni "yangu". Tazama miisho: moja, nova, kuća, velika. Nyumba ni jinsia ya kike, kwa hiyo kila neno linaloihusu linafunga kwa a. Zikiwa nyingi, moje nove kuće su velike, zote zinafunga kwa e. Huu ni upatanisho wa kisarufi uleule tuliofundishwa shuleni, ila umehamia upande wa pili wa neno. Kiserbia kina jinsia tatu: ya kiume, ya kike na isiyo ya kiume wala ya kike. Ngeli za Kizulu ni nyingi zaidi, na mtu wa Kiswahili atazitambua haraka: umuntu na abantu, isikole na izikole.

Panapomsumbua zaidi Mswahili kwenye Kiserbia ni mahali. Sisi husema nakaa shuleni, naenda shuleni, natoka shuleni. Neno shuleni halitikisiki, kazi yote inafanywa na kitenzi. Kizulu nacho ni hivyo. Itheku ni ghuba, ukiipa e mbele na -ini nyuma unapata eThekwini, ndiyo Durban. Ngihlala eThekwini, nakaa Durban. Ngiya eThekwini, naenda. Ngivela eThekwini, natoka. Sasa sikiliza Kiserbia: živim u Beogradu, naishi Belgrade; idem u Beograd, naenda; dolazim iz Beograda, natoka. Jina la mji limevaa nguo tatu. Mabadiliko haya wanasarufi huyaita uhusika, na Kiserbia kina saba, mmoja wao ukiwa ni ule wa kuitia watu, ule wa "Babo!"

Nani kasema uhusika ni mzigo tu? Mimi naona uzuri wake hapa: Marko voli Anu, Marko anampenda Ana. Geuza, Anu voli Marko, na bado mpendaji ni Marko, kwa sababu ile u ya mwisho imeshamtambulisha Ana kuwa ndiye anayependwa. Ukitaka Ana ndiye apende, useme Ana voli Marka.

Kwenye vitenzi, Kizulu ni ndugu wa damu. Ngiyambona ni ninamwona, kipande kwa kipande. Funda ni kujifunza, fundisa ni kufundisha. Thanda ni kupenda, thandana ni kupendana. Kiserbia hutumia njia nyingine: kitenzi huja jozi. Učiti ni kuwa katika kujifunza, naučiti ni kujifunza mpaka jambo likakukaa. Naučio sam, nimeshalijua, anasema mwanamume. Mwanamke husema naučila sam. Hata kitenzi cha wakati uliopita, basi, kinabeba jinsia, na kinaibeba mkiani.

Ulimi nao una kazi yake. Kizulu kina vidoko, yaani sauti za kudokoa kwa ulimi, walivyovipata Wanguni, kundi ambalo Wazulu ni sehemu yake, kwa kuishi na jamii za Wakhoisan, wenyeji wa kale wa kusini mwa Afrika. Cela, kuomba, huanza kwa kidoko cha nyuma ya meno, jirani na sauti ya kusonya. Xoxa, kuongea, ni ya pembeni mwa ulimi. Qala, kuanza, hulia kama kizibo kinachochomoka. Kiserbia kwa upande wake kinakunyima irabu: prst ni kidole, trg ni uwanja wa mji, krv ni damu. Usichomeke i katikati. Acha r yenyewe ifanye kazi ya irabu.

Maandishi ya Kiserbia yasikutishe. Mwanaisimu wa Kiserbia Vuk Karadžić alichapisha kamusi yake Vienna mwaka 1818 akiwa na herufi za Kisirili, aina ya zile za Kirusi, alizozipanga kila moja iwe na sauti moja. Leo Waserbia huandika kwa Kisirili na kwa Kilatini, herufi 30 kila upande, na ukizijua unasoma chochote kwa sauti.

Halafu kuna maneno utakayoyakuta Belgrade kama umeyaacha nyumbani. Sanduk ni sanduku. Dućan ni duka. Sat ni saa. Yote asili yake ni Kiarabu. Kwetu yaliingia kwa biashara ya pwani, kwao yalipitia Kituruki, enzi za utawala wa Waosmani. Lakini hata mgeni kama sat amefundishwa adabu za mwenyeji, kwa hiyo hesabu naye ukiangalia mwisho wa neno: jedan sat, dva sata, pet sati. Muda wa saa moja, saa mbili, saa tano.