Hizi za leo si zile za jana: dhana zinazozunguka Kisumu kuhusu ARV

Tulivimimina vidonge juu ya karatasi nyeupe, tukavihesabu mara mbili. Vilibaki 19 vya ziada. Mama aliyeketi mbele yangu anauza omena (dagaa) soko la Kibuye, na katika miezi mitatu alikuwa amepitisha siku 19 bila kumeza ARV, dawa za kudhibiti virusi vya UKIMWI (HIV). Nilidhani alisahau, au alienda matangani Siaya akaiacha chupa nyumbani. Hakusahau hata siku moja. "Nyathina," yaani mwanangu, akaniambia kwa sauti ya chini, "siku omena haijatoka, mimi nalala njaa. Na hii dawa ukiipa tumbo tupu, inakula tumbo lenyewe."

Siku 19 za njaa, basi, na kila siku ya njaa ikawa siku ya kukosa dawa.

Mimi ni mwelimishaji rika, na dawa hizi nazimeza mwenyewe tangu enzi za kidonge asubuhi na kidonge jioni. Kazi hii imenifunza kutomcheka mwenye dhana potofu, kwa sababu nyingi kati ya dhana hizo ziliwahi kuwa kweli. Zilihusu dawa nyingine. Dawa zikabadilishwa, maneno yakabaki mitaani kwetu, Nyalenda, Manyatta na Obunga.

Kidonge wanachopewa watu wazima wengi hapa leo kinaitwa TLD. Ni kimoja kwa siku, na ndani yake mna dawa tatu: tenofoviri miligramu 300, lamivudini 300 na dolutegraviri 50. Kenya ilianza kuwahamishia watu kwenye kidonge hiki 2018. Ukisikia mtu akikutisha kuhusu ARV, muulize kwanza: unaongea kuhusu ipi?

"Bila kushiba usimeze"

TLD humezwa na chakula au bila chakula. Tumbo tupu haliigeuzi kuwa sumu. Anayesikia kichefuchefu anaweza kuingoja saa ya mlo, au aishushe na kikombe cha uji. Asichofaa kufanya ni kuiruka siku nzima kwa kuwa sufuria haijawekwa jikoni.

Lakini dhana hii ina mizizi. Baadhi ya dawa za HIV, kama atazanaviri, hutakiwa kumezwa pamoja na chakula hadi leo. Tena miaka ile watu walioanza dawa wakiwa wamekonda walipewa unga wa uji wenye virutubisho pamoja na chupa. Mtu akaona vyote viwili ni dozi moja. Mama wa Kibuye alipoyasikia haya alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama chai ya rangi isiyo na sukari inahesabika kuwa chakula. Nikamwambia hata maji matupu yanatosha.

"Zinamaliza mashavu"

Hili tuliliona kwa macho. Kulikuwa na dawa iitwayo stavudini. Iliyeyusha mafuta ya mashavu na ya makalio, mishipa ikatokeza mikononi, na nyayo zikawaka moto usiku. Mtu angeweza kupita barabarani Kondele na wote wakajua. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2009 iondolewe taratibu, na ikaondolewa.

Leo malalamiko ni kinyume: mkanda wa suruali haufiki tena. Baadhi ya wanaotumia dolutegraviri huongeza uzito, na wengine sukari hupanda. Hapa jirani hukusifu, "Umenawiri, dawa imekukubali," nawe unaondoka ukitabasamu. Ukianza kuwa na kiu isiyokatika na kukojoa mara kwa mara, omba upimwe sukari, kunawiri au kutonawiri. Na aliye na kisukari tayari amwambie daktari wa sukari kuwa anatumia TLD, kwa sababu dolutegraviri huongeza kiwango cha metformini, dawa ya kisukari, mwilini. Metformini hiyo haipaswi kuzidi miligramu 1000 kwa siku.

"Ikipita saa tatu usiku, imepita"

Kuna kijana wa boda boda aliyekuwa akiiacha dozi nzima akichelewa dakika 20. Aliambiwa saa tatu, akaelewa saa tatu. Saa maalumu ni msaada wa kukumbuka, basi. Ukikumbuka umechelewa, meza palepale, mradi saa ya dozi inayofuata haijakaribia sana. Zikibaki chini ya saa nne, ngoja hiyo inayofuata. Usimeze viwili kufidia cha jana.

Hata hiyo "usiku" ni urithi. Efavirenzi, iliyotangulia dolutegraviri, ilileta kizunguzungu na ndoto za kutisha, kwa hiyo ilimezwa wakati wa kulala ili kizunguzungu kipite mtu akiwa kitandani. Dolutegraviri kwa baadhi ya watu hufukuza usingizi. Kama unakesha ukihesabu mabati, zungumza na kliniki uhamie asubuhi. Kukosa usingizi si jambo la kuvumilia kimya kimya, na ukianza kuwaza kujidhuru, nenda siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo ukitokwa na vipele vyenye homa, uso ukivimba, au macho yakigeuka manjano.

"Hizo nyingine si dawa kali, si lazima kumwambia daktari"

Hapa ndipo ninapotaka tukae, maana watu wanaogopa chakula na pombe, huku kinachodhoofisha dawa yao kimo kwenye mkoba.

Chukua vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kila mjamzito. Vina madini ya chuma. Chuma na kalisi hushikana na dolutegraviri ndani ya utumbo, na dawa iliyoshikwa hivyo haiingii vizuri kwenye damu, inapita tu. Mama anameza kila siku bila kukosa, na bado dawa haimfikii ipasavyo. Suluhisho ni ama ameze TLD na kidonge cha damu pamoja na chakula, au ameze TLD saa mbili kabla ya kidonge hicho, au saa sita baada yake. Nimeona mama aliyekuwa akivitupa vyote viwili mdomoni alfajiri kabla ya kwenda shambani, kwa sababu kliniki ya wajawazito ilimpa kimoja na kliniki ya ARV ikampa kingine, na hakuna upande uliouliza wa pili ulimpa nini. Siwezi kumlaumu yeye.

Dawa za kiungulia zenye magnesi au alumini, zile za kutafuna au za maji meupe mazito, ni hatari zaidi kwa TLD, na chakula hakiziokoi. Saa mbili kabla au saa sita baadaye, hakuna njia ya mkato. Omeprazoli, dawa nyingine ya kiungulia, haina ugomvi na dolutegraviri.

Halafu diklofenaki. Ukiumwa mgongo, duka la dawa lililo karibu litakupa bila swali. Dawa za maumivu za jamii hii, pamoja na ibuprofeni, zikitumiwa kwa wingi au kwa muda mrefu huweza kuumiza figo, na tenofoviri nayo hupitia figo hizo hizo. Anayebeba mifuko ya saruji na kumeza diklofenaki kila jioni anafaa kulisema kliniki na kupimwa figo.

Dawa za TB ndizo kubwa kuliko zote. Rifampisini hulifanya ini lichome dolutegraviri haraka mno, hivyo mgonjwa huongezewa dolutegraviri miligramu 50 saa 12 baada ya TLD, na nyongeza hiyo huendelea majuma mawili baada ya kumaliza dawa za TB. Wengine huiacha wakidhani daktari alikosea akaandika mara mbili. Hakukosea. Dawa za kifafa kama kabamazepini na fenitoini pia huipunguza dolutegraviri, na zinahitaji mpango wa daktari.

Na miti shamba? Mwarobaini uko nyuma ya nyumba nyingi huku kwetu, na sitamwambia mtu aukate. Ila hakuna mti unaochukua nafasi ya ARV. Mwaka 2011 magari yalitoka hadi Kenya kwenda Loliondo, Tanzania, kunywa kikombe cha Babu, dawa ya miti shamba ya mchungaji mmoja mstaafu, na wapo walioacha dawa waliporudi. Virusi havikuacha kazi. Wapo pia wanaosema kukonda huku ni chira, mtu amevunja mwiko wa nyumbani. Mimi sijaja kubishana na wazee kuhusu mila. Ninachosema ni kwamba unaweza kwenda kusafisha boma ukiwa umeshameza kidonge chako.

"Virusi havionekani, nimepona"

Kutoonekana kwenye kipimo ni habari njema kweli. Shirika la Afya Duniani lilisema wazi mwaka 2023 kwamba mtu ambaye virusi vyake havionekani, na anaendelea kumeza dawa, hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Kwa mama anayenyonyesha hatari hupungua sana lakini haifiki sifuri, kwa hiyo mtoto hupewa dawa za kinga na kupimwa kwa ratiba.

Virusi hata hivyo vimejificha ndani ya chembe za mwili, vimelala. Ukikatiza dawa, huamka ndani ya wiki chache tu. Na usijipime kwa kile kifaa cha kujipima nyumbani ili kuona kama maombi yamejibiwa: mtu aliye kwenye ARV anaweza kupata jibu la uongo la kutokuwa na virusi. Kuna na jambo ambalo wengi hawajaambiwa. Tenofoviri na lamivudini hutibu pia homa ya ini aina ya B. Mwenye magonjwa yote mawili akiacha ghafla, ini linaweza kuwaka vibaya.

"Wasichana wanaotaka kuzaa wasiguse dolutegraviri"

Hofu ya 2018. Takwimu za mwanzo kutoka Botswana zilionyesha huenda watoto waliozaliwa na kasoro ya uti wa mgongo waliongezeka kidogo, na hapa Kenya wanawake wa umri wa kuzaa wakawekewa breki. Takwimu zilipoendelea kukusanywa, tofauti hiyo ikayeyuka, na tangu 2019 Shirika la Afya Duniani linapendekeza dolutegraviri kwa wote, wajawazito wakiwemo. Tena haiharibu kazi ya kipandikizi cha mkononi cha kupanga uzazi. Efavirenzi ndiyo iliyofanya hivyo, na kuna watoto huku walizaliwa kwa sababu hiyo.

Pombe, kwa kifupi: si kweli kwamba ukinywa busaa au chang'aa unapaswa kuiruka TLD ya siku hiyo. Meza. Pombe huumiza ini na kusahaulisha, lakini dozi iliyorukwa makusudi kila Jumamosi ina madhara yake pia.

Kugawana nako nimekukuta. Mume anakataa kwenda kupimwa, mke anampa nusu ya chupa yake. Wote wawili wanabaki na dawa pungufu, na mume hajulikani hali yake, figo zake wala ini lake. Aliyekutana na hatari jana anaweza kwenda kituo cha afya ndani ya saa 72 akapewa dawa za siku 28 za kuzuia maambukizi. Hana haja ya kuomba za mtu.

Na ile kelele. Chupa ya vidonge ikitikisika ndani ya matatu hutoa mlio ambao kila mtu hapa anaujua. Ndiyo maana wengine humimina vyote kwenye karatasi ya nailoni wakaitupa chupa langoni mwa kliniki. Joto la Kisumu na unyevu wa ziwa haviipendi dawa iliyo wazi. Iache kwenye chupa yake, na kile kipakiti kidogo cha kunyonya unyevu kibaki ndani (hakimezwi), mbali na dirisha lenye jua. Kwa safari, chukua vya siku chache tu.

Mama wa omena amepata kimkebe kidogo chenye kifuniko cha kubana. Kila Jumapili anatia saba, chupa inabaki kabatini. Saa nne asubuhi anafuta mikono kwenye leso, anameza kimoja na maji ya kikombe cha plastiki, kisha anaendelea kupima omena kwa gorogoro. Jirani yake wa kibanda anadhani ni Panadol.