Kutajwa kwenye khutba: jina la mtawala juu ya mimbari

Neno "hotuba" siku hizi ni la wanasiasa. Mbunge ana hotuba, mgeni rasmi harusini ana hotuba, na zote hupitiliza muda. Lakini asili yake ni msikitini: ni khutba, mawaidha anayoyatoa khatibu juu ya mimbari kabla ya sala ya Ijumaa. Anayesoma historia ya Uislamu atakutana mara kwa mara na maneno kama "khutba ikasomwa kwa jina lake". Akidhani fulani alihubiriwa tu, ameshapotea njia. Maana yake ni kwamba fulani ametambuliwa kuwa mtawala wa mji ule.

Khutba ya Ijumaa ina sehemu mbili, na baina yake khatibu hukaa kidogo. Ya pili huishia kwa dua, na humo ndimo watawala walimopenyeza majina yao. Khatibu alimwombea khalifa, mkuu wa dola ya Kiislamu, kisha sultani au amiri wa mahali, na waumini wakaitikia amina. Kutajwa huko si nguzo ya khutba. Sala hutimia bila jina la mfalme yeyote. Ila zama zile hapakuwa na gazeti wala redio, na Ijumaa mji ulikusanyika msikitini ukanyamaza, kwani kuzungumza khatibu anaposema kumekatazwa. Jina lililosikika pale ndilo lililokuwa serikali. Lisiposikika, nayo ni habari.

Mwaka 822 gavana wa Khurasan, jimbo la mashariki mwa Uajemi, Tahir bin Husayn, alipanda mimbari. Huyu ndiye jemadari aliyempigania al-Maamun mpaka akaupata ukhalifa. Alipofika pa kumwombea khalifa, akapapita kimya. Hakutangaza uasi, hakuchomoa upanga. Lakini mkuu wa barua wa jimbo alikuwepo, na wakuu wa barua zama hizo walikuwa pia macho ya khalifa, akaandika kwenda Baghdad. Muda si muda Tahir akakutwa amekufa kitandani. Homa, walisema wengine. Wengine walinong'ona sumu.

Kisa kinachonivutia zaidi ni cha Misri. Wafatimi, Mashia wa Kiismailia, walikuwa wameitawala tangu 969, na kila Ijumaa khutba ilisomwa kwa jina la khalifa wao. Kufikia 1171 nguvu zote zilikuwa mikononi mwa waziri, Salahuddin Ayyubi, ambaye ni Msunni. Bwana wake, Nuruddin, mtawala wa Sham (Syria), alikuwa akimsukuma amtaje khalifa wa Kisunni wa Baghdad, wa ukoo wa Bani Abbas, naye akawa anavuta siku akihofia watu wasije wakainuka. Hebu litazame hilo: mwenye jeshi anaiogopa Ijumaa. Hatimaye, mwezi wa Septemba, jina likabadilishwa. Khalifa wa Kifatimi, al-Adid, kijana mgonjwa aliyekuwa taabani kitandani, hakuambiwa, akafa siku chache baadaye bila kujua kwamba dola yake ilikuwa imeshazikwa kwa kauli moja ya khatibu. Mwanahistoria Ibn al-Athir anasema hata mbuzi wawili hawakupigana pembe kwa jambo hilo.

Kwa hiyo wanaosema dini ilikuwa kamba ya kuwafungia raia wamesema nusu. Kamba ilikuwapo, lakini ncha ya pili ilikuwa mikononi mwa walioketi chini. Miaka kumi na kitu baadaye msafiri wa Andalusia, Ibn Jubayr, aliisikiliza khutba ya Makka. Khatibu alivaa nguo nyeusi, rangi ya Bani Abbas. Akamwombea khalifa, akamwombea amiri wa Makka, kisha Salahuddin, na kwa jina hilo la mwisho amina zikapaa. Amri inaweza kuliweka jina mimbarini. Namna ya kuitikia amina ni shauri la waumini.

Pacha wa khutba alikuwa sarafu. Mtawala huru alijulikana kwa mawili hayo: kutajwa mimbarini na kupiga fedha kwa jina lake. Hapa kwetu pwani tunalo la kushika mkononi. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu ndogo za shaba, upande mmoja jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mola, na pande hizo mbili zikapangwa kwa vina kama beti za shairi. Mnunuzi wa samaki sokoni alibeba utawala na imani katika kipande kimoja cha shaba.

Wala si Waislamu peke yao. Kanisa la Anglikana lina kitabu cha sala chenye dua za kumwombea mfalme wa Uingereza. Tarehe 4 Julai 1776, siku ya tangazo la uhuru wa Marekani, wazee wa kanisa la Christ Church mjini Philadelphia walikutana wakaamua kwamba dua hizo zisisomwe tena. Kasisi wao, Jacob Duché, akachukua wino akayafuta kitabuni maneno ya kumwombea Mfalme George, na juu yake akaandika ya kuwaombea watawala wapya.