Spektroskopia: kuisoma molekuli kwa mwanga

Asubuhi kwenye soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, mtazame mama anayechagua sangara. Hamwulizi muuzaji samaki kavuliwa lini, maana jibu analijua: "Leo leo, mama." Yeye anafunua mashavu tu. Yakiwa mekundu, bei inaanza kuzungumzwa. Yakiwa yamepiga kahawia, huyo anakwenda meza nyingine.

Spektroskopia ni kazi hiyohiyo, ila jicho limepewa vipimo. Mwanga una rangi nyingi, na kila rangi ina urefu wake wa wimbi unaohesabiwa kwa nanomita, yaani sehemu ya bilioni ya mita: buluu iko karibu na 450, nyekundu karibu na 650. Mwanga ukipita kwenye molekuli, baadhi ya mawimbi humezwa na mengine hupita. Yanayomezwa hutegemea molekuli imeundwaje. Mashine hupima yaliyopungua.

Turudi kwenye mashavu. Wekundu ule ni wa hemoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni kwa kutumia chuma. Samaki akishakaa, chuma hicho hupoteza elektroni moja, hakiwezi tena kushika oksijeni, na rangi hugeuka kahawia. Mashine huliona badiliko hilo karibu na nanomita 630. Mama wa Kirumba haijui namba hiyo, na samaki wake ni wazuri vilevile.

Hata kile kidude cha kubana kidoleni hospitalini kinategemea hemoglobini. Kinapitisha mwanga mwekundu wa nanomita kama 660 na mwingine usioonekana wa kama 940, kisha kinalinganisha damu imemeza kiasi gani cha kila mmoja. Damu yenye oksijeni na isiyo nayo hazimezi sawa.

Lakini protini nyingi hazina rangi machoni petu. Hapo hutumika urujuanimno, mwanga usioonekana ulio ng'ambo ya urujuani, ambao protini humeza karibu na nanomita 280 na DNA karibu na 260. Kinachonivutia mimi zaidi ni mikunjo. Protini ni mnyororo mrefu uliojikunja, na nyingi zina asidi amino (kipande kimoja cha mnyororo huo) iitwayo triptofani, ambayo ikimulikwa kwa urujuanimno hutoa mwanga wake yenyewe. Ikiwa imejificha ndani ya mikunjo, mwanga huo huwa karibu na nanomita 330. Mnyororo ukikunjuka na maji yakaifikia, husogea kuelekea 350. Basi ukiipasha moto protini taratibu, unaweza kufuatilia inavyofunguka.

Ndiyo habari ya sufuria. Mnofu wa sangara unaopenyeza mwanga kidogo ukiwa mbichi huwa mweupe pe ukiiva, kwa kuwa protini zake zimekunjuka na kung'ang'aniana. Uupoze utakavyo, haurudi.

Usitarajie picha ya molekuli kutoka kwenye mashine hii. Utapata mstari wenye vilima na mabonde, na ni juu yako kujua kilima kipi ni cha nani. Ukiweka sampuli kwenye kichupa cha kioo cha kawaida na kuimulika kwa urujuanimno, kilima kikubwa kitakuwa cha kichupa chenyewe. Ndiyo maana maabara hutumia vya kwatzi, madini angavu yanayoupitisha mwanga huo.