Sanaa chuo kikuu si kimbilio la waliofeli

Hapa Bagamoyo, mji wa ngoma, wengi huamini kuwa shahada ya sanaa katika chuo kikuu cha umma ni ya waliofeli: unacheza, unachora, unapewa cheti.

Mlango ni uleule wa shahada nyingine. Wa kidato cha sita lazima awe amefaulu angalau masomo mawili. Mwenye stashahada hupimwa kwa wastani wa alama zake. Ndani kuna historia ya sanaa, nadharia na utafiti. Mchoraji huulizwa kwa nini kivuli kimeangukia kushoto, na ajibu kwa maandishi. Mazoezi ya jukwaani, kwa maoni yangu, ndiyo magumu zaidi: hayakaririki usiku mmoja.

Mwongozo wa udahili hutolewa kila mwaka, bure mtandaoni. Tafuta programu ya sanaa, soma sifa za kujiunga, linganisha na za programu iliyo jirani yake.