Kuumia na Kuugua Kazini: Maswali na Majibu kuhusu Fidia

Ni sheria gani inayomlinda mfanyakazi anayeumia kazini?

Nchini Kenya, ni Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka wa 2007, inayofahamika zaidi kama WIBA, ambayo ilianza kutumika Juni 2008 na husimamiwa na Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini kupitia maafisa wake mashinani, wakiwemo walio Nakuru na Kisumu. Chini ya sheria hii, mfanyakazi halazimiki kuthibitisha kwamba mwajiri alifanya kosa. Kinachotakiwa ni kwamba ajali iwe imetokana na kazi na itokee akiwa kazini. Hata ajali ya basi au lori ambalo mwajiri hulitumia kuwasafirisha wafanyakazi wake bila malipo, kama ilivyo kawaida katika mashamba ya maua ya Naivasha, huhesabiwa kuwa ya kazini. Isipokuwa amejiumiza kwa utovu wa nidhamu wa makusudi, haki yake ipo. Na hata hapo, sheria haimwachi aliyepata ulemavu mkubwa.

Je, kibarua naye amo?

Ndiyo. Sheria humtambua mtu yeyote aliyeajiriwa kwa mshahara au ujira, pamoja na mwanagenzi anayejifunza kazi. Mwajiri analazimika kuwakatia wafanyakazi wake bima, na asipofanya hivyo bado anadaiwa fidia yote.

Nifanye nini mara tu ninapoumia?

Mjulishe msimamizi wako siku hiyo hiyo, kwa mdomo au kwa maandishi. Maandishi ni bora zaidi. Mwajiri naye ana siku 7 tangu apate habari kumjulisha Mkurugenzi. Gharama za matibabu zinazostahili, kuanzia usafiri wa kumfikisha majeruhi hospitalini hadi dawa, upasuaji na kiungo cha bandia, ni wajibu wa mwajiri, wala si hisani anayoweza kuikata kwenye mshahara wa mwezi ujao.

Ukifika zahanati au hospitali, mweleze tabibu kwamba uliumia kazini, ukitaja mahali, saa na chombo kilichokuumiza. Mkata miwa wa Chemelil aliyejikata kwa panga shambani, akiandikiwa tu kwamba ana jeraha la mguu, atapata taabu baadaye kuonyesha kwamba jeraha hilo lilitokana na kazi. Dai la fidia lenyewe liwasilishwe ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali, au tangu siku ya kifo ikiwa mfanyakazi amefariki.

Vipi kuhusu ugonjwa unaoingia polepole?

Hapa ndipo haki nyingi hupotea, kwa kuwa ugonjwa wa kazi hauna damu wala mashahidi. Mchonga mawe kwenye machimbo ya Nakuru huvuta vumbi la mawe kwa miaka, na makovu ya mapafu yanayoitwa silikosisi yanaweza kujitokeza baada ya yeye kuiacha kazi hiyo. Silikosisi huongeza uwezekano wa kupata kifua kikuu, kwa hiyo mtu anaweza kutibiwa kifua kikuu pasipo yeyote kumuuliza alikuwa akifanya kazi gani. Katika viwanda vya sukari, makapi ya miwa yaliyoota kuvu yanaweza kuyaharibu mapafu ya wanaoyashughulikia. Fundi anayegonga mabati katika soko la Kibuye, Kisumu, kutwa nzima anaweza kupoteza uwezo wa kusikia. Kanuni za kudhibiti kelele kazini za mwaka wa 2005 zinakataza mfanyakazi kuwekwa kwenye kelele inayozidi wastani wa desibeli 90 kwa zaidi ya saa 8 ndani ya saa 24. Anayenyunyizia maua dawa za kuulia wadudu naye anaweza kupata kichefuchefu, jasho jingi, kutokwa na mate na kuona kwa ukungu, dalili ambazo ni rahisi kudhaniwa kuwa za malaria.

Sheria imeorodhesha magonjwa ya kazi katika Jedwali la Pili pamoja na aina za kazi zinazoyasababisha. Daktari akithibitisha kwamba una mojawapo ya magonjwa hayo, nawe ulifanya kazi iliyotajwa kando yake, huchukuliwa kwamba kazi ndiyo iliyokuuguza hadi mwajiri athibitishe vingine. Kinga hii ni kubwa, lakini haiwezi kumsaidia mgonjwa ambaye hajawahi kumtajia daktari kazi yake. Nawasihi wenzangu wa vituo vya afya waulize, na wagonjwa waseme hata wasipoulizwa.

Fidia huhesabiwaje?

Aliyelazimika kukaa nje ya kazi kwa siku 3 au zaidi hulipwa kiasi sawa na mapato yake kwa muda usiozidi miezi 12. Kwa ulemavu wa kudumu, daktari hukadiria asilimia ya ulemavu kwa kufuata Jedwali la Kwanza, na asilimia hiyo huzidishwa kwa mapato ya miezi 96. Anayepata shilingi 15,000 kwa mwezi, akikadiriwa ulemavu wa asilimia 10, hustahili shilingi 144,000. Mapato hujumuisha pia thamani ya chakula na makazi anayopewa na mwajiri. Mfanyakazi akifariki, wanaomtegemea hulipwa mapato ya miezi 96. Kwa sababu hiyo, usitie sahihi karatasi ya kupokea shilingi elfu chache kabla daktari hajakukadiria.

Nisiporidhika na uamuzi?

Usianzie mahakamani. Desemba 2019 Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba madai haya huanzia kwa Mkurugenzi. Una siku 60 za kumwandikia pingamizi, naye hujibu ndani ya siku 14. Ukiwa bado hujaridhika, una siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo huketi pia Nakuru na Kisumu. Uende na nakala za ripoti ya daktari, hati za malipo na taarifa ya ajali, nazo nakala halisi uziache nyumbani.