Ajali ya Pikipiki Porini: Dakika za Kwanza Kabla ya Hospitali

Kati ya Nangurukuru na Liwale, mkoani Lindi kusini mwa Tanzania, kuna zaidi ya kilomita 200, na mwendesha pikipiki anayeikata njia hiyo wakati wa kiangazi hupita vipande virefu vya pori ambako hakuna nyumba, hakuna duka, na simu haishiki mtandao. Hali haitofautiani sana kwenye njia za mchanga zinazoingia mashamba ya ufuta ya Kilwa, wala kwenye vijia vya mikorosho ya Tandahimba na Newala. Mtu akianguka huko akavunjika paja au akakatika mshipa mkubwa, atakayemfikia mwanzo ni abiria wake, mkulima aliyesikia kishindo, au bodaboda mwenzake anayepita. Sisi tunaofanya kazi katika huduma za dharura tunampokea majeruhi huyo saa kadhaa baadaye, na hali anayofika nayo huwa imeamuliwa kwa kiasi kikubwa na yaliyofanyika pale alipoanguka. Makala haya yameandikwa kwa ajili ya yule aliyemfikia mwanzo.

Wanaoshindana kwa pikipiki jangwani wamelitambua jambo hili kwa muda mrefu. Katika mbio za Dakar, zilizoanza mwishoni mwa mwaka 1978 kupitia Sahara na ambazo tangu mwaka 2020 hufanyika Saudi Arabia, waendeshaji hulazimika kubeba maji ya kunywa na kifaa kinachotuma taarifa ya mahali walipo kwa njia ya setilaiti. Hata hivyo, kanuni ninayoiheshimu zaidi ni nyingine: mshindani anayesimama kumsaidia mwenzake aliyeumia hurudishiwa muda alioupoteza. Waandaaji wenye helikopta na madaktari wao wenyewe bado wanamtegemea mtu aliye nyuma ya majeruhi, kwa kuwa ndiye anayefika kwanza. Sisi tusio na helikopta katika mapori ya Lindi na Mtwara tunamhitaji mtu huyo zaidi.

Kosa tunalolishuhudia mara kwa mara hutokana na huruma. Watu hukimbilia kumnyanyua majeruhi, humshika kwapani na miguuni, humkalisha ili apate hewa, kisha humpakia katikati ya watu wawili kwenye pikipiki nyingine na kuondoka naye kwa kasi. Ikiwa shingo au uti wa mgongo umevunjika, mkunjo huo mmoja unaweza kuikata mishipa ya fahamu iliyokuwa bado mizima, na mtu ambaye angetembea tena akapooza. Kwa hiyo, isipokuwa kama kuna moto, petroli inayovuja karibu na chanzo cha moto, au gari linaloweza kumgonga, mwache alale alipo. Zima injini ya pikipiki iliyoanguka, mwambie majeruhi asigeuze kichwa, na mtu mmoja apige magoti upande wa kichwani na kukishika kwa mikono miwili kisitikisike.

Wakati huohuo, tazama damu. Mtu mzima ana takriban lita 5 za damu mwilini, na mshipa mkubwa wa paja au wa mkono ukikatika anaweza kufa ndani ya dakika chache, kabla hata mtu hajafikiria habari ya usafiri. Pasua nguo uone jeraha, weka kitambaa safi kadiri kinavyopatikana, kanga au shati, kisha kandamiza moja kwa moja juu ya jeraha kwa uzito wa mwili wako bila kuachia kila mara ili kuchungulia. Jeraha likiwa na shimo lenye kina, kitambaa kiingizwe ndani ya shimo hilo mpaka lijae, ndipo ukandamize. Kumwagia mafuta ya taa, kupaka udongo au kahawa hakuzuii damu, na huleta uchafu ambao utamtesa majeruhi kwa wiki nyingi.

Ikiwa damu ya mkono au mguu inaruka au inaendelea kububujika licha ya kukandamizwa, kifundo cha kukaza (tourniquet), yaani kitambaa au mpira unaofungwa kwa nguvu kuzunguka mkono au mguu ili kuzuia damu, ndicho kitakachookoa maisha. Chukua kitambaa imara kilichokunjwa hadi kufikia upana wa vidole vitatu, au ule mpira mpana wa kufungia mizigo ambao karibu kila bodaboda anao nyuma ya kiti, uufunge juu ya jeraha kuelekea mwilini, umbali wa vidole vinne kutoka kwenye jeraha, pasipo kuuweka juu ya goti au kiwiko. Kwa kitambaa, funga fundo la kwanza, weka kijiti kigumu juu yake, funga tena, kisha zungusha kijiti mpaka damu ikatike kabisa, na ukifunge kijiti kisirudi nyuma. Kamba nyembamba au waya usitumike, kwa sababu hukata nyama bila kuubana mshipa ulio ndani. Maumivu yatakuwa makali, naye atakusihi ulegeze. Usilegeze, bali andika saa uliyofunga kwenye ngozi yake au kwenye karatasi, na umwachie daktari akifungue.

Baada ya damu, sikiliza pumzi. Majeruhi aliyepoteza fahamu na anayekoroma au kutoa sauti ya maji kooni anazibwa na ulimi, damu au matapishi. Sukuma taya lake la chini kuelekea mbele kwa vidole vya mikono yote miwili bila kukunja shingo, na utoe kinachoonekana mdomoni. Akitapika, au ikibidi umwache peke yake, mgeuzeni kwa ubavu, kichwa, mabega na nyonga vikizunguka kwa pamoja kama gogo. Helmeti ibaki kichwani ikiwa anapumua vizuri. Ikiwa inazuia pumzi, itolewe na watu wawili, mmoja akiishika shingo na taya kutoka chini, mwingine akiivuta taratibu. Nasisitiza kwamba ivaliwe, hata kwa safari ya shambani, kwa kuwa uchambuzi wa tafiti nyingi umeonyesha kuwa helmeti hupunguza uwezekano wa kufa kwa takriban 42% na wa kuumia kichwa kwa takriban 69%.

Yapo majeraha yasiyoonekana, na haya ndiyo yanayonitia wasiwasi zaidi. Paja lililovunjika linaweza kunyonya lita moja au zaidi ya damu ndani ya nyama bila tone kutoka nje, na nyonga iliyovunjika hupoteza zaidi ya hapo. Usukani ukimpiga mtu tumboni unaweza kupasua bandama au ini, naye akasimama, akajifuta vumbi, akasema hajambo. Mtazameni kwa saa kadhaa: ngozi yenye jasho baridi, midomo iliyopauka, mapigo ya haraka, kiu kali, tumbo linalokazana, au kuchanganyikiwa ni dalili za damu inayopotea ndani. Vivyo hivyo aliyegonga kichwa, akazimia, akazinduka na kuongea vizuri, anaweza kuzimia tena baadaye kwa sababu ya damu inayokusanyika ndani ya fuvu. Asiachwe akalala nyumbani kwa kisingizio kwamba amechoka. Majeruhi wa namna hii alazwe chali, afunikwe hata kama jua ni kali, kwa kuwa mwili unaopoa hushindwa kugandisha damu, na awekewe kivuli juu yake. Asipewe chakula, pombe wala dawa za maumivu zisizojulikana. Iwapo msaada uko mbali kwa saa nyingi, yu macho, hatapiki na hajaumia tumbo, anaweza kunywa maji kidogo kidogo.

Kuhusu usafiri, ushauri wangu ni kwamba pikipiki iende kuleta gari, isimbebe majeruhi wa mgongo, kichwa au paja. Mmoja aondoke hadi mahali penye mtandao na kupiga 112 au 114, ataje kijiji cha mwisho alichokipita, mto au daraja lililo karibu na idadi ya majeruhi, mwingine abaki. Palipo na kijiji karibu, mlango au ubao mpana unafaa kuliko kitanda cha kamba, ambacho hulegea katikati na kuukunja mgongo. Mguu uliovunjika ufungwe na mguu mzima, nguo zikiwekwa katikati, kabla ya kumhamisha.

Aliyeanguka akiwa peke yake afanye hayo hayo kwa mkono wake mwenyewe: azuie damu kwanza, ajivute kivulini, akae karibu na pikipiki na barabara. Chombo huonekana kuliko mtu aliyelala majanini, honi husikika mbali, na kioo cha pembeni kikielekezwa juani hutoa mwako unaoonekana kutoka mbali sana. Ujumbe mfupi wa simu hupita mara nyingine mahali ambapo sauti haipiti. Lakini kinachomwokoa zaidi ni kile alichokifanya asubuhi, yaani kumwambia mtu njia atakayopita na saa anayotarajia kufika, ili ukimya wake usichukuliwe kuwa jambo la kawaida.

Mnapofika zahanati au hospitali, iwe ya wilaya, Ndanda, Nyangao, Sokoine au Ligula, aliyemhudumia majeruhi njiani asiondoke mara moja. Huduma ya dharura hutangulia, na fomu ya polisi ya PF3 hufuata. Tunahitaji atueleze saa ya ajali, jinsi majeruhi alivyoanguka, kama alizimia na kwa muda gani, kama alikuwa akisogeza miguu kabla ya kuhamishwa, na ni saa ngapi kifundo kilikazwa.