Je, wajua waya wa umeme unaweza kubadilisha kile bakteria wanachotoa wanapochachusha?

Tembo likishushwa mnazini asubuhi hapa Malindi ni tamu. Jioni linalevya. Liache siku kadhaa kwenye dumu lililo wazi, na ukilisogelea tu pua itakwambia: limekuwa siki. Likizibwa lisipate hewa, halifiki huko. Hewa ina nini?

Mambo yote ni elektroni, zile chembe ndogo mno zinazobeba umeme. Kijidudu kinapokula sukari hupata nguvu kwa kuinyang'anya elektroni, kisha hakina pa kuziweka. Ni kama kuli mwenye gunia mgongoni: asipolitua, hawezi kubeba jingine. Pasipo hewa, hamira huzitua kwenye mabaki ya sukari ileile, na mabaki hayo yakishazipokea huwa pombe. (Naam, kinachowayumbisha watu mangweni ni taka za hamira.) Hewa ikiingia, bakteria wa siki huichukua pombe hiyo, huchopoa elektroni 4 katika kila molekuli na kuzikabidhi oksijeni. Kinachobaki ni asidi ya siki.

Basi anayeamua kitu gani kitoke ni yule anayepokea mzigo. Na mpokeaji si lazima awe oksijeni. Mwaka 1911, M. C. Potter wa Durham, Uingereza, alitumbukiza vipande vya platinamu kwenye hamira na bakteria akapata umeme kidogo. Baadaye, mwaka 1988, ilielezwa bakteria ya Shewanella kutoka Ziwa Oneida, New York, ambayo hutua elektroni zake kwenye madini yaliyo nje ya mwili wake. Kiumbe wa namna hiyo ukimpa elektrodi, yaani kipande cha kupitishia umeme kilichounganishwa na waya, anaitumia vilevile.

Jaribio ninalolipenda mimi ni la Minnesota, Marekani, mwaka 2010. Watafiti walitaka kugeuza gliseroli, masalia ya kutengeneza dizeli ya mimea, iwe pombe. Hesabu inagoma: kila molekuli ya gliseroli ikitoa moja ya pombe na moja ya kaboni dayoksaidi, zinabaki elektroni 2 zisizo na pa kwenda. Wakaipa Shewanella jeni za Zymomonas, bakteria anayejulikana sana ndani ya tembo la mnazi, na elektroni za ziada zikapitia kwenye elektrodi. Hesabu ikakubali.

Mzigo waweza pia kusukumwa upande wa pili. Bakteria aitwaye Clostridium pasteurianum, akilishwa elektroni na waya huku akila sukari ya glukosi, hutoa butanoli, aina nyingine ya alkoholi, zaidi kuliko kawaida yake.

Usikimbilie kutia nyaya za betri kwenye dumu la jirani, lakini. Vijidudu vingi havina njia ya kupitisha elektroni hadi nje ya ngozi yao, na volti zikizidi kidogo tu, maji yenyewe huanza kupasuka kuwa haidrojeni na oksijeni. Utapata mapovu, waya wenye kutu, na ugomvi na mwenye tembo.